Ukipigwa nyumbani, uanzie mlango gani: polisi, hospitali, ustawi, msaada wa kisheria, nyumba salama au baraza?

Katika kazi ya usaidizi wa kisheria ngazi ya kata, swali moja linarudi kuliko mengine yote: naanzia wapi? Mama anafika saa mbili asubuhi, mtoto mgongoni, amejitanda khanga mpaka usoni na jua limeshawaka. Kabla hujamvutia kiti ameshashauriwa na watu wanne. Jirani kamwambia aende polisi. Mama mkwe kamwambia ya chumbani yaishie chumbani. Mchungaji kamwita Jumamosi, yeye na mumewe. Shoga yake kamwambia ustawi ndiko wanakosikiliza wanawake. Ukiondoa la mama mkwe, kila mmoja kataja mlango uliopo kweli. Ila hakuna aliyemweleza huo mlango unafanya nini, unagharimu nini, na ukishaingia unatokaje.

Ninachoandika hapa kinahusu Tanzania Bara. Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi na taratibu zao. Uganda tangu 2010 na Kenya tangu 2015 wana sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani, na mahakama zao zinaweza kutoa amri ya kumzuia mtu asikusogelee. Bara hatuna sheria ya namna hiyo. Tunaokoteza: kipande kwenye Kanuni ya Adhabu, kipande kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kipande kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Ndiyo sababu milango imekuwa mingi, na ndiyo sababu mtu anachanganyikiwa.

Kabla hujaendelea: kama simu unayosomea hii na anayekupiga anaishika, soma kwa haraka, kisha futa historia. Ukitaka kuirudia, irudie kwenye simu ya dada au jirani.

Vigezo nitakavyotumia

Kila mlango nitaupima kwa mambo matano. Haraka: siku hiyohiyo utaondoka na nini mkononi. Usiri: nani atajua umekwenda. Gharama: fomu, nauli, siku za kazi zilizopotea. Usukani: ukishafungua mdomo, uamuzi unabaki kwako au unakwenda kwa mwingine? Na ukomo: mlango huo unakufikisha wapi na unakuacha wapi. La usukani ndilo linalowashtua wengi, kwa hiyo usiliruke.

Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi

Nchi nzima kuna madawati zaidi ya 400. Msingi wake kisheria upo wazi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Na kumjeruhi mtu ni jinai, awe mkeo au mpita njia: kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu kinabeba kifungo cha hadi miaka 5.

Haraka yake ni kubwa. Siku hiyohiyo unapata namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, na kama mtu bado anatishia, polisi ndio pekee katika orodha hii wenye mamlaka ya kumkamata. Usiri ni wa kati. Chumba cha dawati kwa kawaida kimetengwa, ila kukifikia unapita kaunta mbele ya watu. Pale kaunta sema tu "naomba dawati la jinsia". Hulazimiki kueleza habari zako ukiwa umesimama na watu wa pikipiki zilizokamatwa. Gharama: RB ni bure, PF3 ni bure. Nimewahi kumsindikiza dada kwenye kituo kimoja tukaambiwa gari halina mafuta, kwa hiyo mtuhumiwa tumlete wenyewe. Tuliomba kumwona mkuu wa kituo, tukakaa kwenye benchi mpaka alasiri, gari likapatikana. Benchi ni sehemu ya gharama. Nenda na maji, na mtoto umbebee uji.

Sasa usukani. Jalada la jinai likishafunguliwa, kesi ni ya Jamhuri, na wewe unakuwa shahidi. Kila mwezi napokea mama anayetaka "kuifuta": shemeji wamekuja na magoti, mume kaomba radhi, ada ya shule inadaiwa. Anadhani kesi aliiandikisha yeye, kwa hiyo ataiandikua yeye. Haiendi hivyo. Anaweza kueleza kwamba hataki kuendelea, lakini uamuzi wa kuiondoa unashikwa na upande wa mashtaka na mahakama. Simwambii mtu haya ili kumtisha. Namwambia ili akiingia aingie akijua, maana anayeingia akijua hachoki katikati. Na ukitaka kwanza kuuliza tu bila kufungua jalada, sema hivyo mwanzoni. Dawati lina kazi ya ushauri pia.

Ukomo: polisi hawagawi mali, hawatoi talaka, hawapangi matunzo. Unawafaa waliojeruhiwa, wanaotishiwa kuuawa, na wenye mtu asiyeogopa chochote isipokuwa pingu. Na wanaume pia: nimewaona wachache wanaopigwa, nao dawati linawapokea.

Kituo cha Mkono kwa Mkono, hospitali

Hapa wazo ni kwamba daktari, muuguzi, afisa ustawi na askari wa dawati wawe sehemu moja, ili usisimulie habari ileile mara nne kwa watu wanne. Dar es Salaam kinachojulikana sana ni cha Hospitali ya Amana, Ilala. Hospitali nyingine kadhaa za mikoa wanavyo. Kama kwenu hakipo, idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali ya wilaya inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, japo utatembea zaidi.

Kwa haraka hakuna mlango unaoushinda pale ambapo saa zinahesabiwa. Dawa za kinga ya VVU baada ya kulazimishwa ngono zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Dawa za kuzuia mimba zina mpaka saa 120. Usioge kwanza. Nguo ulizovaa usizifue, wala usizitie kwenye mfuko wa plastiki, zitavunda. Zikunje kwenye gazeti au mfuko wa khaki. Na kama alikukaba shingo, nenda hata kama huna alama. Kukabwa kunaweza kukuumiza kwa ndani na madhara yakatokea siku kadhaa baadaye. Nikisikia "alinikaba kidogo tu", hapo ndipo ninapofunga daftari na kumsindikiza mtu hospitali.

Sitaficha hili: Kanuni ya Adhabu yetu haihesabu kuwa ni ubakaji mume anapomlazimisha mkewe, isipokuwa kama wametengana. Hilo linauma na linapaswa kubadilika. Lakini muuguzi wa kukupa dawa hakuulizi cheti cha ndoa.

Usiri ni mzuri, kwa sababu mtu anayekuona hospitali anajua tu kwamba unaumwa. Gharama ya fomu hakuna, na matibabu ya kuokoa maisha hayangoji PF3. Inaweza kufuata baadaye. Nauli ndiyo kikwazo kwa wa vijijini. Usukani kwa sehemu kubwa unabaki kwako: unaweza kutibiwa leo na ukafikiria polisi kesho. Mtoto akiwa ndiye aliyeumizwa hali ni nyingine, hapo wana wajibu wa kutoa taarifa. Ukomo wake ni kwamba kinatibu na kuandika. Maandishi hayo, hata kama leo huyataki, ndiyo yatakayokusemea mahakamani mwakani michubuko ikishafutika. Daktari akishajaza PF3, ipige picha uitume kwa mtu unayemwamini kabla hujairudisha polisi.

Afisa ustawi wa jamii

Yupo halmashauri, na baadhi ya kata wanaye. Kwa haraka ni wa taratibu: anaandika barua ya wito, mume anaitwa, siku inapangwa. Kwa hiyo usitegemee suluhisho la usiku huu. Ila jambo moja analifanya kuliko wote, nalo ni matunzo ya watoto. Wawili wanakaa mbele yake, anaandika kiasi, tarehe na njia ya kulipa, pande zote zinasaini. Baba akikiuka, makubaliano hayo yanakwenda mahakamani yakiwa na uzito.

Usiri una tundu moja: barua ya wito inamwambia mume kwamba umesema. Kama unaishi naye na unaogopa atakachofanya akiipokea, mwambie afisa mapema, mpange utakuwa wapi siku hiyo. Nimeona barua ikifikishwa saa kumi na moja jioni kwenye nyumba ambayo mama yumo ndani anapika. Tangu siku hiyo sikosi kuuliza barua inapelekwa lini na nani. Gharama ni bure, isipokuwa safari za kwenda na kurudi. Usukani mnaugawana: afisa anasuluhisha, hahukumu, na huwezi kulazimishwa kusaini. Unamfaa mwenye watoto ambaye hatari si ya leo, na pia anayehitaji kufikishwa nyumba salama, maana funguo za huko mara nyingi anazishika yeye.

Wasaidizi wa kisheria na mashirika ya msaada wa sheria

Hapa ni kwetu, kwa hiyo nitajitahidi nisijipendelee. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitutambua rasmi. Tunaelimisha, tunaandika, tunasindikiza. Haturuhusiwi kukutoza wala kukusimamia mahakamani kama wakili. Anayehitaji wakili tunampeleka kwa mashirika yenye wanasheria: WLAC, TAWLA, WiLDAF, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Wengi wana ofisi Dar es Salaam na mikoa michache, ndiyo maana kule ndani mlango wa kwanza unakuwa sisi.

Haraka: ushauri siku hiyohiyo, matokeo baada ya miezi. Usiri: mkubwa kuliko wote, hatumwiti mtu wala hatuandiki barua mpaka useme. Usukani uko kwako mwanzo hadi mwisho, na kwa anayetaka kufikiri kwanza hiyo ni nafuu kubwa. Ukomo: hatuna pingu, hatuna dawa, hatuna kitanda.

Faida yetu inaonekana kwenye mambo ambayo mama hajui kwamba anayo. Wengi huvumilia kwa kuamini kwamba nyumba ni ya mume kwa sababu hela ilitoka mfukoni mwake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Miaka yote hiyo imepita, na bado namwona mtu akinyanyua kichwa akiisikia kwa mara ya kwanza. Wengine hawajafunga ndoa rasmi. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawahesabu mke na mume, sheria inaanza na dhana kwamba mmeoana. Mume anaweza kuipinga kwa ushahidi, lakini hata hapo mahakama inaweza kukupangia matunzo kana kwamba mlioana.

Nyumba salama

Ni chache, na hilo ndilo la kwanza kulijua. Mkoa wa Mara zimejulikana kwa kuwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, kwingineko zimetawanyika. Kuingia kwa kawaida kunapitia ustawi au polisi, kwa hiyo usifunge safari ukafika getini usiku peke yako. Ukishapokelewa, usalama ni mkubwa kuliko mahali popote: yeye hajui ulipo. Bei yake ni kwamba na wengine hawajui. Simu inaweza kuzuiwa kwa muda, biashara ya genge inasimama, mtoto anakatiza shule. Uliza mapema kama wanapokea watoto wa kiume wakubwa, na muda wa kukaa ni kiasi gani. Malazi hulipii. Usukani wa maisha ya kila siku unaukabidhi kwa kanuni za nyumba, ila mlango wa kutoka hufungiwi. Inamfaa ambaye akirudi atauawa, na asiye na ndugu ambaye mume hamfahamu. Kama una shangazi mkoa mwingine ambaye mume hajawahi kufika kwake, huenda huko ndiko kwenye nafuu zaidi.

Baraza la usuluhishi wa ndoa, na wazee

Baadhi ya wenzangu wanaudharau mlango huu. Mimi siudharau, kwa sababu anayetaka talaka karibu hana budi kuupitia. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi, liwe la kata, la BAKWATA (baraza la Waislamu) au la kanisa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kupatanisha. Hati hiyo ikishapita miezi 6 bila kufungua shauri, haifai tena, usiikalie. Ndoa ambayo haijafika miaka 2 inahitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Na kuna mwanya ambao wengi hawaambiwi: mahakama ikiridhika kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayofanya kwenda barazani kusiwezekane, inaweza kukupokea bila hati. Anayehofia maisha yake akiketi meza moja na mume, amwombe mwanasheria auangalie.

Haraka ni nzuri. Wiki moja au mbili mnaitwa. Gharama ni ndogo. Usiri ni mdogo, kwa sababu wazee hao ni majirani, na mke wa mzee mmoja ni shoga wa mama mkwe wako. Usukani ndio wenye mashaka. Wajumbe wazuri husikiliza na kukuuliza unataka nini. Wengine wameshaamua kwamba mafanikio ni wewe kurudi nyumbani, na utasikia "vumilia, mwanangu, ndoa ndivyo ilivyo" kabla hujamaliza sentensi. Unayo haki ya kusema: sikuja kupatanishwa, nimekuja kuomba hati. Baraza halina mamlaka ya kuhukumu jinai, kwa hiyo mbuzi na faini ya wazee haviondoi kosa la kukuvunja mkono.

Unamfaa anayetaka kuachana kwa utaratibu, na anayetaka kujaribu kurekebisha ndoa ambayo ndani yake kuna ugomvi wa fedha, pombe au ndugu lakini hakuna hofu. Palipo na hofu, usuluhishi unakutanisha watu wawili ambao mmoja wao hawezi kusema anachofikiri.

Kulingana na hali yako

Una jeraha, umekabwa, au umelazimishwa ndani ya siku tatu: hospitali kwanza, mengine yatafuata, hata kama unaona aibu ya kuulizwa. Kama kituo cha polisi kipo njiani, chukua PF3. Kama hakipo, usizunguke.

Yupo mlangoni sasa hivi: piga 112, na piga kelele majirani wasikie. Mtoto akiwa ndiye anayeumizwa, 116 ni bure mitandao yote na wanapokea usiku na mchana.

Ameondoka, haleti hela, watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule: ustawi.

Umeamua kuachana na una hofu juu ya nyumba na kiwanja: msaada wa kisheria kabla ya baraza. Ukiingia barazani bila kujua haki yako utasaini kitu. Kwa wa Dar es Salaam, mashauri ya familia, kuanzia mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu, yamekusanywa kwenye kituo jumuishi cha Temeke, na inapunguza kuzunguka.

Hujaamua chochote, na bado unampenda: hilo nalo ni hali, na hakuna anayepaswa kukufukuza kwenye dawati lake kwa sababu hiyo. Njoo kwa msaidizi wa kisheria, uongee, urudi nyumbani. Wakati huo tafuta mfuko mdogo. Weka nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho cha NIDA, nauli ya safari moja, na namba tatu za simu zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza anachonyang'anya. Usiuweke chumbani. Mpe jirani unayemwamini auweke chini ya gunia la mchele, na mkubaliane neno moja ambalo ukimtumia mtoto kwenda kuliomba, chumvi au kiberiti ambacho kwako hakijawahi kuisha, atajua aje nao njia ya nyuma.